Usomaji wa waandishi kwenye tamasha la fasihi Berlin unakuwaje? Kijerumani changu B1 tu

BintiKisauni

Hamjambo wote, naomba wenye uzoefu mnisaidie kabla sijaamua. Mie niko Berlin nafanya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya unesi, sasa kuna mama mmoja tunafanya naye kazi wodini ana tiketi mbili za lile tamasha la kimataifa la fasihi linalokuwa mwezi wa tisa, aliyekuwa aende naye amesafiri, akaniambia njoo twende wote utapenda. Nikamuuliza huko kunafanyika nini hasa, akasema mwandishi anakaa jukwaani, anasoma kitabu chake, halafu wanazungumza naye. Basi? Basi. Nikacheka kimoyomoyo manake nijuavyo mie kitabu mtu huenda dukani akanunua akasoma mwenyewe kitandani, hawa wanatoa pesa ili wasomewe, tena watu wazima na mvi zao.

Sasa wasiwasi wangu. Kijerumani changu ni B1, kile kiwango cha kati, cha wagonjwa nakiweza, umeumwa wapi, umekula, umelala vizuri, lakini fasihi?? Nitaelewa chochote ama nitakaa nikihesabu taa za darini? Watu huuliza maswali, na ukitaka kuuliza waeza kuuliza kwa Kiingereza? Ni lazima uwe umeshakisoma kitabu? Na mavazi je, nisije nikatokea na dera langu wenzangu wote wamepiga suti. Siku yenyewe natoka shifti ya asubuhi kwa hivyo nitakuwa hoi, nataka kujua kama kweli yafaa ama nimwambie huyu mama asante nijilalie zangu.

MzeeWaWedding

Dada nenda. Kulala utalala Jumapili.

Mimi nimekaa mji huu muda mrefu na hilo tamasha nalifuatilia. Lilianza 2001, alilianzisha Ulrich Schreiber akaliongoza mpaka 2022, baada yake kashika Lavinia Frey. Wanaleta waandishi wa mabara yote, wengine wenye tuzo kubwakubwa na wengine hujawahi kusikia hata jina, na mimi kwa ushauri wangu hao wasiojulikana ndio wa kuwakimbilia, ukumbi haujai, mwandishi mwenyewe ana hamu ya kuongea, hana ile sura ya mtu aliyeulizwa swali hilohilo tangu Januari.

Kituo kikuu ni Haus der Berliner Festspiele pale Schaperstraße, unashuka Spichernstraße kwa treni ya U3 au U9 unatembea kidogo tu. Ni jumba la tamthilia, lilifunguliwa 1963, lina vioo vingi mbele na ndani unakaa vizuri kabisa. Miaka ya korona walihamia silent green huku kwetu Wedding, jengo ambalo zamani lilikuwa la kuchomea maiti, sikutanii, watu wanakaa wanasikiliza mashairi mahali walipochomwa marehemu na hakuna anayeona ajabu. 2023 wakarudi Schaperstraße. ILA angalia tiketi yako vizuri manake si vikao vyote vinafanyika jumba kuu, vingine vinatawanywa mjini, usije ukafika Spichernstraße kumbe mwenzio yuko Mitte anakusubiri mlangoni. Na wakisema saa moja na nusu usiku ni saa moja na nusu, milango ikifungwa imefungwa, hakuna cha "mimi niko njiani".

Sasa jukwaani. Kuna meza, taa, glasi za maji, na watu mara nyingi wanne: mwandishi, mwendesha mazungumzo, mkalimani, na mwigizaji. Huyo mwigizaji ndiye anayewashangaza watu wa nyumbani. Mwandishi anasoma kurasa chache kwa lugha aliyoandikia, kama ni Kikorea ni Kikorea, kama ni Kiarabu ni Kiarabu, watu wengi ukumbini hawaelewi hata neno na hakuna anayekohoa. Akimaliza, mwigizaji anasoma ile tafsiri ya Kijerumani iliyochapishwa, kipande kirefu zaidi, na hao ni watu wa sauti, wamesomea hiyo kazi, yaani mtu anasoma sentensi ya mistari saba unaifuata mpaka mwisho hujapotea. Katikati yake ndio maongezi. Yote kwa pamoja kama saa moja na nusu hivi, mkizidisha kidogo ni kwa sababu ya maswali.

Kwa B1 yako, mwigizaji utamwelewa kuliko unavyowaelewa wazee wa Berlin wodini wanaomeza nusu ya neno. Mazungumzo ndiyo yatakayokupita kidogo. Lakini tazama, kwenye ratiba kila kikao wameandika lugha yake, vipo vingi vya Kiingereza, na penye hedifoni za ukalimani chukua, mimi niliachishwa kitambulisho mezani nikarudishiwa wakati wa kutoka.

Kitabu si lazima uwe umesoma, nusu ya waliomo hawajasoma, wamekuja kupima kama wakinunue. Nje kunakuwa na meza ya duka la vitabu na mwandishi anakaa hapo anasaini. Usijaribu kuomba punguzo, hapa kuna sheria ya bei moja ya vitabu tangu 2002, kitabu kipya bei yake ni ileile mezani, dukani na mtandaoni, muuzaji akikupunguzia senti anavunja sheria.

Mavazi jeans tu. Dera livae, hakuna atakayekuzidi kupendeza.

KakaOchi

Wacha mimi niwe mtu mbaya kidogo kwa huu uzi.

Hiyo sehemu ya kusoma ni ya kusinzia, tusidanganyane. Mtu kuandika vizuri haimaanishi anajua kusoma kwa sauti, wengi wanasoma kichwa chini, wanaharakisha ni kama wanafukuzwa, unaskia tu karatasi zikigeuzwa. Nyama iko kwa mazungumzo. Na hata hiyo inategemea nani anaendesha. Kuna siku nilikaa kwa panel moja, sitaji wapi, mwendeshaji alikuwa amejiandikia hotuba, akaisoma YOTE, mwandishi ametoka nchi ya mbali ameketi tu na maiki mkononi, alipopewa nafasi ya kujibu akasema "ndiyo, nakubaliana na wewe" na muda ukaisha. Halafu kuna wale wa maswali. Mtu anasimama, anakohoa, anasema "mimi sina swali, mimi niko na mchango" na hapo jua umekwisha, utapewa historia ya ukoloni kutoka Vasco da Gama.

Lakini siwezi pinga yote. Hapa Nairobi Yvonne Adhiambo Owuor, yule aliyeshinda Caine Prize, tuzo ya hadithi fupi za Kiafrika, 2003, na Anja Bengelstorff walianzisha tamasha la fasihi la Macondo mwaka wa 2019, inafanyika Kenya National Theatre, na wazo lao lilinikamata: kuleta waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kireno wakutane na sisi wa Kiingereza. Hebu fikiria. Msumbiji inapakana na Tanzania, ni hapa tu, lakini kitabu cha mtu wa Maputo ili kinifikie Nairobi kinapita Lisbon kwanza, halafu mtu wa London ama New York aamue kinafaa kutafsiriwa, ndio mimi nikipate kwa bei ya kuumiza. Kwa ukumbi kama huo mkalimani ni wa maana kuliko huyo mwenye hotuba.

Na kuna jambo lingine linanifanya nisicheke usomaji sana. Septemba 2013 Kofi Awoonor, mshairi wa Ghana, mzee wa miaka 78, alikuja Nairobi kwa Storymoja Hay Festival. Tarehe 21 alikuwa kwa lile jumba la maduka la Westgate na mwanawe mchana ule magaidi walipoingia. Mwanawe aliumia akapona, mzee akauawa. Jioni hiyohiyo alikuwa kwa programu, apande jukwaani asome. Watu walikuwa na tiketi. Kwa hivyo dada, ukisikia mzee anakusomea shairi lake mwenyewe na sauti yake, hata kama anaharakisha, keti uskize.

MzeeWaWedding

KakaOchi hapo mwisho umenikata maneno, nilikuwa nimejiandaa kukujibu kwa ukali.

Ila la kusinzia silikubali. Usomaji una kazi nyingine ambayo mazungumzo hayana. Hilohilo tamasha la Berlin lina utaratibu wa kuita usomaji wa siku moja duniani kote, watu wanasoma maandishi ya mtu mmoja mahali walipo, dukani, chuoni, sebuleni. Tarehe 14 Januari 2016 walifanya kwa ajili ya Ashraf Fayadh, mshairi wa asili ya Palestina aliyehukumiwa kifo Saudia, mashairi yake yakiwa sehemu ya kesi. Mwezi uliofuata mahakama ikafuta ile hukumu ya kifo, ikampa miaka 8 na viboko 800. Siwezi kusema ni usomaji ndio uliofanya, kulikuwa na kelele nyingi za watu wengi, lakini huwezi kuitisha "mazungumzo" ya mtu aliye gerezani, mwenyewe hayupo. Kumsoma unaweza.

mkalimani_hh

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mkalimani niko Hamburg, kazi zangu nyingi ni mikutano na ofisi za serikali ila mara mojamoja naitwa kwenye usomaji, kwa hiyo niongezee upande wa sisi tunaokaa pembeni ya mwandishi ambao hakuna anayetutazama mpaka tukosee.

Kwanza dada ujue ukalimani ni wa aina mbili. Kuna ule wa kibandani na hedifoni, mtu anaongea wewe unasikia papohapo kwa lugha nyingine. Na kuna wa jukwaani ambao mwandishi anaongea dakika mbili tatu, ananyamaza, mimi narudia yote kwa Kijerumani. Hapo nina kidaftari nimekigawa kwa mstari wima, siandiki maneno, naandika alama, mshale, herufi moja, mviringo ukiwa na nukta maana yake "nchi yangu", mtu mwingine akikishika hawezi kutoa kitu. Mwandishi anayejua kazi anasimama kila baada ya wazo. Asiyejua anakwenda dakika nane bila kupumua halafu anakugeukia anatabasamu.

Utaona kitu kimoja utacheka, kicheko kinakuja mara mbili. Mwandishi anatania, wanaoelewa lugha yake wanacheka, waliobaki wanatazamana, halafu mimi natafsiri na wale wengine wanacheka, na hapo mwandishi ambaye alishasahau utani wake anashtuka hajui wanamcheka nini. Kuna wazuri wanaojua hilo, wanasubiri kile kicheko cha pili kifike ndio wanaendelea, na ukimpata huyo hata mkalimani anaenda nyumbani na furaha.

Kinachotutoa jasho ni mwandishi kukumbuka shairi katikati ya maongezi. Maongezi nayaweza, lakini shairi la mizani na vina linakuja bila taarifa, nifanyeje? Natoa maana, naomba radhi, naendelea. Ndiyo maana kile kipande cha kusoma hawatuachii sisi, kinasomwa kutoka kwenye kitabu kilichotafsiriwa na mtu aliyekaa nacho miezi, na akiwepo ukumbini mwendeshaji akimtaja mpigieni makofi tafadhali, nusu ya maneno mnayoyasifia ni yake.

Kuhusu kuuliza: uliza kwa Kiingereza, hakuna atakayekushangaa, au hata B1 yako inatosha ukisema sentensi mbili. Swali moja tu, siyo swali lenye a, b, na c. Subiri maiki ikufikie kabla hujaanza, manake aliye kibandani hakusikii bila maiki. Na uliza kitu cha kwenye kile kilichosomwa jioni ileile, kwa mfano kwa nini yule mama alifunga mlango, waandishi wanafurahi sana wakiulizwa hivyo kwa sababu wamechoka kuulizwa hali ya siasa nchini kwao.

juma_kilosa

Nauliza jambo la msingi. Kuna chakula?

MzeeWaWedding

Kuna divai, bia na ule mkate wao wa chumvi uliosokotwa. Unanunua. Kula kwenu kabla hujatoka.

MaalimShangani

Assalaam alaykum. Nimeusoma uzi huu wote nimefurahi, lakini mnazungumza kama kwamba Mswahili anaingia Berlin leo kwa tiketi ya kupewa na mwenzake kazini. Hebu nikukumbusheni kidogo, mniwie radhi kwa urefu, mtu mzima akianza hajui pa kusimama.

Kitabu cha Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, yule aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, kilichapishwa Berlin hapohapo mwaka 1886. Mwaka uliofuata Wajerumani wakafungua chuo chao cha lugha za mashariki na wakahitaji watu wa kuwasomesha Kiswahili maofisa wao, ndipo alipokwenda Amur bin Nasur kutoka Unguja, alikuwa huko miaka ya 1890 na akaandika kwa Kiswahili aliyoyaona Ulaya. Baada yake akaenda Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, mwaka 1900. Desturi zetu za pwani, harusi, ngoma, tiba, biashara ya bara, mengi tunayoyasoma leo kwa Kiswahili cha zama zile ni kazi yake yeye, Mjerumani Carl Velten akaichapisha 1903. Huyu bwana alioa Mjerumani, akachoshwa na dharau za wanafunzi wake akaacha kazi 1905, akapanda meli na mkewe arudi kwao, walipofika Dar es Salaam serikali ya kikoloni ikakataa wasishuke kwa sababu mke ni mzungu. Mtu anakatazwa kushuka kwao! Wakarudi Ujerumani, na huko baadae akawa anajipatia riziki kwa kuzunguka miji akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki na picha zilizomulikwa ukutani kwa taa. Akafia Berlin 1927. Sasa mwaniambia nini juu ya Wajerumani kukaa kimya wakimsikiliza mtu wa pwani jukwaani? Walishakaa sana, tena kwa kiingilio.

La pili ni Abdulrazak Gurnah wetu. Tarehe 7 Oktoba 2021 ilipotangazwa Nobel, vitabu vyake kwa Kijerumani vilikuwa havipo madukani, vimekwisha zamani na hakuna aliyejali kuvichapa tena, wakahangaika mpaka Desemba ndio ile riwaya ya Paradise ikatoka upya. Na sisi tusiwacheke, maana kwa Kiswahili hatukuwa nayo kabisa, ni 2022 ndipo Ida Hadjivayanis alipoitafsiri ikaitwa Peponi, wakachapa Mkuki na Nyota pale Dar. Mtu kazaliwa Unguja 1948, kaandika habari za njia za misafara za bara letu, na Mjerumani kamsoma kabla ya jirani yake wa Malindi ya Unguja mjini.

La tatu ndilo khasa nililotaka kusema. Huo utaratibu aliouelezea mzee wa Wedding, kwamba mwandishi anasoma kwa lugha yake na ukumbi unasubiri tafsiri, mimi naona ni mlango uko wazi na sisi tumesimama nje tunaagiza chai. Sisi shairi hatulisomi, tunalighani. Tenzi zilitungwa ziimbwe kwa sauti mbele ya watu, bibi zetu walikuwa hawajui hati za kizungu na wanazo beti mia kichwani. Mpeni mshairi wa Kiswahili dakika kumi kwenye hiyo meza aghani, Mjerumani hataelewa neno lakini vina atavisikia, mizani ataihesabu kwa kidole, na hapo mwigizaji wao aje na tafsiri yake. Na watu wapo hukohuko, Mohammed Ghassani yuko Bonn anatangaza Deutsche Welle, diwani yake ilishinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ya mwaka 2015. Hahitaji hata viza.

Basi mwanangu BintiKisauni, nenda, na siku ukiona fursa ya kuuliza, waulize waandaaji lini.

KakaOchi

Maalim hiyo ya "tumesimama nje tunaagiza chai" nimeiiba.

Lakini wacha niulize, ni nani atalipia hiyo tafsiri? Hapo ndio shida iko. Tamasha linaalika mtu ambaye ako na kitabu kwa Kijerumani ama kinakaribia kutoka, mwenye kuchapisha anataka kuuza pale mezani. Riwaya ya Kiswahili haina tafsiri kwa hivyo haina mchapishaji huko kwa hivyo haialikwi, na kwa sababu haialikwi hakuna mtu wa kuisikia aseme itafsiriwe. Sio chuki, ni hesabu tu. Mshairi ako na nafuu, mashairi sita unaweza tafsiri kwa wiki mbili. Riwaya ya kurasa mia tatu utampata nani?

mkalimani_hh

Upo sahihi KakaOchi na mimi nakubaliana kuanza na mashairi. Watu wa kutafsiri wapo zaidi ya mnavyofikiri, Kiswahili kinafundishwa Leipzig, Bayreuth, hapa Hamburg, wapo Wajerumani wanaokisoma vizuri kabisa kuliko watoto wetu tuliozaa huku (na wangu wamo). Kinachokosekana ni wa kulipa. Lakini msisahau na upande wa pili wa hela, mwandishi akialikwa kusoma Ujerumani analipwa kwa jioni ile, siyo nauli na hoteli tu, na wengi wanakwambia usomaji ndio unawalisha kuliko mauzo. Huku nyumbani tukimwita mwandishi tunampa kanga na soda na kumwambia tumekutangaza.

MzeeWaWedding

Maalim hiyo habari ya Mtoro mimi ilinipata ukubwani, nami napita Afrikanisches Viertel, ule mtaa wa Wedding wenye majina ya Kiafrika, kila siku kwenda kazini. Sasa hivi kuna Maji-Maji-Allee hapa, tangu 2024, zamani ilikuwa sehemu ya Petersallee. Kibao kipya kimewekwa, jirani yangu Mjerumani akaniuliza Maji Maji ni nini, nikakaa naye kwenye ngazi mpaka giza likaingia. Huo nao ulikuwa usomaji ila bila divai.

BintiKisauni

Wallahi sikutegemea majibu kama haya, shukrani nyingi, Maalim shikamoo.

Nimeenda kumuuliza mama mwenye tiketi nikaitazama vizuri. Ni Schaperstraße kweli, mwandishi ni wa Amerika ya Kusini, na imeandikwa Kihispania na Kijerumani. Kihispania sijui hata salamu. Kwa hivyo kwa alivyoeleza Mzee kwanza nitasikiliza Kihispania, halafu mwigizaji, halafu mkalimani. Sasa nisaidieni, nikae mbele ama nyuma? Na nikisinzia nikiwa mbele mwandishi ataona? Nauliza kweli, shifti ya asubuhi naamka saa kumi na nusu alfajiri.

mkalimani_hh

Kaa pembeni, safu ya tatu au ya nne, upande ule mwigizaji alipo, utamwona mdomo na kwa B1 kuona mdomo kunasaidia sana. Mwandishi na taa zile za jukwaani haoni zaidi ya safu ya pili kwa hiyo sinzia kwa amani, ila usikorome, maiki za siku hizi zinashika kila kitu.

Halafu fanya hivi, kabla ya siku ingia kwenye tovuti ya mchapishaji, wengi wanaweka kurasa za mwanzo bure, wanaita Leseprobe. Soma hata kurasa kumi na kamusi pembeni, ujue majina ya watu na wapo wapi. Mara nyingi mwandishi anasoma kutoka mwanzo wa kitabu ili asilazimike kueleza yaliyotangulia, kwa hiyo utakuta unakijua kile kipande, na mwigizaji akianza utakuwa unamfuata siyo unamkimbiza. Ukikosa, maktaba ya mtaa wako uliza, kitabu cha mtu anayekuja kwenye tamasha huwa wanacho.

juma_kilosa

Yaani unaamka saa kumi na nusu halafu usiku unaenda kusikiliza Kihispania. Wauguzi nyie ni watu wa aina nyingine.

MamaZuwena_Spandau

Samahani naingilia uzi wa watu. Mimi nina binti wa miaka tisa, anasoma vitabu mpaka chooni, je anaweza kwenda kwenye hilo tamasha au ni la wakubwa tu? Na mimi naogopa kumpeleka usiku.

MzeeWaWedding

Mama Zuwena, kuna ratiba ya watoto na vijana peke yake, waandishi wa vitabu vya watoto kutoka nje wanasoma na watoto wanauliza, na hao hawana habari za mchango, wanauliza umri wako na una mbwa au huna. Vikao vingi ni asubuhi na vinajazwa na madarasa ya shule, mwalimu ndiye anayeandikisha. Mwambie mwalimu wake mapema, yaani shule zikifunguliwa tu, manake Septemba haiko mbali na nafasi zinakwenda. Akikataa tazama za wikendi, chache lakini zipo, mzazi unanunua tiketi mwenyewe.